Jina la Ugonjwa Kwanza, Dawa Baadaye: Hotuba kwa Wazazi wa Watoto Wenye Maradhi ya Mifupa

Ndugu wazazi na walezi, wauguzi na madaktari wenzangu, na ninyi wanangu mliokuja leo, wengine kwa miguu, wengine kwa magongo, wengine mgongoni kwa mama, nawasalimu nyote. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya dawa za maradhi ya mifupa kwa watoto. Nitazungumza, lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana lilinifunza kuliko darasa lolote.

Nilikuwa daktari mchanga. Mama mmoja akaniletea binti yake wa miezi tisa, paja la kushoto limevimba, mtoto analia kila akiguswa. Mama akaniambia, "Daktari, nilikuwa nambadilisha nepi tu. Nilimshika vifundo vya miguu nikamwinua, nikasikia ka!" Ilikuwa mara ya tatu mtoto yule kuvunjika. Mama alikuwa amekwisha kuulizwa na watu wa zamu, tena na tena, ni nani anayempiga mtoto, na alipofika mbele yangu hakuwa na machozi tena. Tukamfunga plasta. Nikaandika kalsiamu na vitamini D, nikamwambia amtoe juani asubuhi. Weupe wa macho ya mtoto ulikuwa na rangi ya samawati. Niliuona, nikaona ni macho mazuri, nikaendelea na mgonjwa mwingine.

Alirudi baada ya miezi saba, safari hii mkono. Kalsiamu yangu haikuwa imemdhuru, ila haikuwa imemsaidia hata chembe. Na miezi saba kwa mtoto wa umri ule ni karibu nusu ya maisha yake.

Wengi wenu mmepita njia hiyo. Mfupa wa mtoto ukiwa na hitilafu, jambo la kwanza analoambiwa mzazi ni "mpe kalsiamu". Jirani atasema hivyo, muuza dawa atasema hivyo, na mara nyingine daktari. Ndiyo sababu nimekuja. Maneno "mifupa dhaifu" hayataji ugonjwa. Yanataja malalamiko, kama mtu anavyosema "naumwa tumbo". Nyuma yake kuna maradhi mengi, na dawa inayomwinua mtoto huyu inaweza kumwangusha yule.

Naomba tuutazame mfupa wenyewe. Mfupa wa mtoto ni nyumba inayojengwa huku watu wanaishi ndani. Usiku na mchana kuna seli zinazobomoa mfupa wa zamani na seli nyingine zinazojenga mpya pale pale. Wajenzi hutandika kwanza nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Hizo ndizo nondo. Kisha kalsiamu na fosfeti hushikamana na nyuzi hizo. Hiyo ndiyo zege. Na karibu na ncha za mifupa mirefu kuna gegedu la ukuaji, ambako nyumba inaongezewa vyumba mpaka mtoto amalize kubalehe. Sasa nyumba ikipata ufa, fundi anayejua kazi hakimbilii mfuko wa saruji. Anauliza kwanza kama nondo zilikuwa nzima, kama saruji ilifika, kama ilifika ikaibwa, au kama tatizo liko kwa mafundi.

Pale ambapo saruji haikufika, ugonjwa ni matege ya lishe, na huu ndio ugonjwa wa mifupa ambao dawa yake hunipa furaha kila ninapoiandika, kwa kuwa unapona. Mwaka 1919 Edward Mellanby kule Uingereza aliwapa watoto wa mbwa ugonjwa huu kwa chakula, akaona mafuta ya ini la samaki yanauzuia. Mwaka huohuo Kurt Huldschinsky, daktari wa Berlin, aliwaponya watoto kwa taa ya miale ya urujuanimno. Wakati ule hakuna aliyekuwa na jina la vitamini D. Leo mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2016 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye ugonjwa huu apewe yuniti 2,000 za vitamini D kila siku kwa siku zisizopungua 90, wakubwa wapewe zaidi kulingana na umri, na wote wapate kalsiamu miligramu 500 kwa siku, kwenye chakula au kwa vidonge.

Hiyo kalsiamu wengi huisahau. Utafiti uliofanywa Nigeria, ukatoka mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto wenye matege waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Jua walikuwa nalo tele. Chakula chao ndicho kilichokosa kalsiamu. Kwa hiyo hata katika ugonjwa huu mwepesi, ukimtazama mtoto miguu tu bila kuuliza anakula nini, utakosea.

Na mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye miguu iliyopinda kidogo pande zote mbili sawasawa, anayecheza na kukua vizuri, asihangaike kumnywesha madawa. Miguu ya umri huo mara nyingi hupinda kwa kawaida yake na kunyooka yenyewe mtoto anapotimiza miaka miwili hivi. Vitamini D ikizidi nayo ni sumu. Hupandisha kalsiamu kwenye damu, mtoto akatapika, akakosa choo, na figo zikaumia.

Sasa yuko mtoto ambaye amenyweshwa vitamini D mwaka mzima na miguu inazidi kupinda. Huyu saruji inafika, lakini inaibwa. Kuna homoni iitwayo FGF23 inayotengenezwa na mifupa yenyewe, na kazi yake ni kuziambia figo zitoe fosfeti kwenye mkojo. Mtoto aliyerithi hitilafu ya jeni iitwayo PHEX ana homoni hiyo kupita kiasi, basi fosfeti inamwagika mchana na usiku. Jeni hiyo imekaa kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo baba mwenye ugonjwa huwarithisha binti zake wote na hamrithishi mwana wa kiume hata mmoja. Daktari akisikia habari hiyo ya ukoo, nusu ya kazi imekwisha.

Dawa ya zamani ya ugonjwa huu ni kurudisha kinachoibwa. Fosfeti ya kunywa mara nne au tano kwa siku, pamoja na vitamini D iliyokwisha kuamshwa. Wazazi walioko hapa mnaoamka usiku kumpa mtoto chupa ile, nawajua kwa macho yenu. Dawa inaumiza tumbo, inaleta kuhara, na ikizidi inaacha chokaa kwenye figo, ndiyo maana tunawaita kila mara kwa vipimo vya damu, mkojo na picha ya figo. Haya si masumbufu ya bure. Mwaka 2018 ikaidhinishwa Ulaya na Marekani dawa ya burosumabu, kingamwili inayoikamata homoni ile kabla haijafika kwenye figo. Mtoto huchomwa sindano chini ya ngozi kila baada ya wiki mbili, na dawa za zamani huachwa, maana hazipewi pamoja. Watoto wanaoipata miguu hunyooka vizuri zaidi. Tatizo ni bei yake, na hapa siwezi kuongea kwa upole: dawa ipo, imethibitika, na sehemu kubwa ya watoto wa dunia hii wanaiona kwenye karatasi tu.

Nimrudie binti yangu wa macho ya samawati. Kwake saruji ilifika wala haikuibwa. Nondo ndizo zilikuwa mbovu. Ugonjwa huu huitwa osteojenesisi impafekta, nasi tumezoea kuuita mifupa ya kioo. Unampata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na kwa wengi wao hitilafu iko kwenye moja ya jeni mbili zinazotengeneza kolajeni. Kolajeni inakuwa haba au imesokotwa vibaya. Mwili unajua mfupa hauko sawa, hivyo unabomoa na kujenga kwa pupa, na kila unapobomoa unapoteza.

Dawa zinazotumika zaidi ni za kundi la bisfosfoneti. Herbert Fleisch na wenzake waliziingiza kwenye tiba miaka ya 1960, wakiwa wameanzia kwenye kemikali iliyokuwa ikitumika kuzuia chokaa kwenye mabomba ya maji. Zikapewa wazee wenye mifupa iliyopungua. Kisha mwaka 1998 Francis Glorieux na wenzake wa Montreal wakatangaza matokeo ya watoto 30 wenye ugonjwa mkali waliopewa pamidroneti, mojawapo ya dawa hizo, kwa dripu. Mifupa ilinenepa, maumivu yakapungua, wengine wakaanza kusimama. Tangu hapo matibabu ya ugonjwa huu hayakuwa yale tena.

Nataka muelewe inavyofanya kazi, ili msiidai kisichokuwa chake. Dawa inanata kwenye mfupa. Seli inayobomoa ikija kula, inaila pamoja na dawa, inalegea, inakufa. Wabomoaji wakipungua, wajenzi wanapata nafasi. Nondo zinabaki zilezile mbovu, ila zinakuwa nyingi na ukuta unakuwa mnene. Faida iliyo wazi kabisa ni kwenye uti wa mgongo: pingili zilizobonyea kama makopo zinaanza kurudisha umbo, kwa kuwa mtoto bado anakua. Mtu mzima hapati hilo. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee, na kwenye pingili za mgongo msemo huo unaonekana kwa macho kwenye eksirei. Kuhusu kuvunjika, lazima niseme kweli: tafiti hazisemi kwa sauti moja. Wapo wanaovunjika mara chache zaidi, na wapo wanaoendelea kuvunjika. Mzazi ambaye mtoto wake amevunjika akiwa kwenye dawa asijilaumu, wala asidhani dawa imechakachuliwa.

Siku ya dripu inakwendaje? Kabla ya yote tunapima kalsiamu, vitamini D na figo, na tunamtazama mtoto meno. Vitamini D ikiwa chini tunaahirisha na kuirekebisha, kwa sababu dawa hii inafunga mlango ambao kalsiamu hutokea kwenye mfupa kwenda kwenye damu, na mtoto asiye na akiba atapata ganzi mdomoni, misuli itakakamaa, anaweza hata kupata degedege. Kisha uzito, kwa mizani, siku hiyohiyo, maana dozi inafuata kilo. Pamidroneti hupitishwa polepole kwa saa tatu au nne, siku tatu mfululizo, kisha hurudiwa baada ya miezi michache. Zoledroneti ni ya karibuni zaidi na ina nguvu zaidi. Nusu saa mpaka dakika 45 imekwisha, na wengi huipata kila baada ya miezi sita.

Kazi ngumu ya siku ile ni mshipa, kuliko dawa yenyewe. Mtoto huyu amechomwa mara nyingi. Muuguzi mzoefu hamvuti mkono, anaushika kwa kiganja chini yake kama anavyoshika yai, na mpira wa kufunga mkono anaukaza kidogo tu. Hata kile kitambaa cha kupimia presha kinaweza kuvunja mkono wa mtoto mwenye ugonjwa mkali. Mzazi ukiona mhudumu mgeni anakuja na haraka zake, msimamishe. Mwambie, "Subiri dada, mtoto wangu hashikwi hivyo." Huo si utovu wa adabu.

Usiku wa dripu ya kwanza, au kesho yake, wengi hupata homa, mwili kuuma, kama mafua makali. Hudumu siku moja hadi tatu, parasetamoli inatosha, na dripu zinazofuata kwa kawaida hazirudishi hali hiyo. Nasema haya mapema kwa kuwa nimeona mama amekatisha matibabu ya mwanawe kwa homa ya siku moja ambayo hakuna aliyemwambia itakuja.

Kila dozi huacha alama. Kwenye picha ya eksirei utaona mstari mweupe mwembamba karibu na ncha ya mfupa, na mfupa unavyorefuka mstari unasogea mbali na ncha, mwingine unakuja nyuma yake. Yuko kijana mmoja, sasa amekua, alikuwa akipanda kwenye kiti kliniki anaiinua picha yake dirishani na kuhesabu kwa kidole: "Huu wa juzi. Huu wa kabla ya likizo. Huu nilivunjika mguu." Alikuwa anausoma mfupa wake kama daftari. Mimi namshukuru, kwa maana alinifundisha kuwaonyesha watoto picha zao badala ya kuwaonyesha wazazi peke yao.

Lakini daftari likijaa, acha kuandika. Dawa hii hukaa ndani ya mfupa miaka mingi baada ya kuachwa. Mwaka 2003 ilichapishwa habari ya mvulana aliyepewa pamidroneti nyingi kupita kiasi, mifupa yake ikawa mizito kama jiwe na ikavunjika kwa sababu hiyo. Kwa hiyo msimwombe daktari aongeze dozi kwa hofu. Mtoto akipangiwa upasuaji wa kunyoosha mfupa na kuwekewa vyuma vya ndani, daktari wa dripu na daktari wa upasuaji wazungumze juu ya tarehe, kwa kuwa mfupa uliokatwa unaweza kuchelewa kuunga. Na binti akikua, aambiwe wazi kwamba ana dawa hii mifupani, ili siku akipanga kuzaa amweleze daktari wake.

Sasa naomba wahudumu wenzangu wanisikilize hapa kuliko mahali pengine popote. Uko ugonjwa uitwao haipofosfatesia. Mtoto anavunjika, mifupa yake kwenye picha inafanana na ya matege, ana maumivu, anachelewa kutembea. Ukimtazama haraka utampa vitamini D na kalsiamu, au utampa bisfosfoneti. Yote mawili ni makosa. Huyu amekosa kimeng'enya kinachoitwa alkalaini fosfatesi, ambacho huondoa kizuizi kinachokataza kalsiamu na fosfeti kushikamana na nyuzi. Na je, bisfosfoneti ni nini? Imeundwa kwa mfano wa kizuizi hichohicho! Unamwongezea mtoto kile kinachomuua mfupa. Kalsiamu nayo, kwa kichanga mwenye ugonjwa huu, inaweza kupanda kwenye damu hadi kiwango cha hatari.

Dalili iko mezani kwetu kila siku. Katika matege, kimeng'enya hicho hupanda. Katika ugonjwa huu hushuka. Sisi tumezoea kutafuta namba iliyopanda, iliyoshuka tunaipita. Tena muulizeni mzazi habari za meno. Mtoto aliyeng'oka meno ya utotoni kabla ya miaka mitano, yakatoka na mizizi yake mizima, ameshawaeleza ugonjwa wake. Tangu 2015 ipo dawa inayokirudisha kimeng'enya hicho, asfotase alfa, sindano mara tatu au sita kwa wiki, na vichanga ambao zamani tulikuwa tukiwazika wanaishi nayo.

Wazazi wa watoto wenye akondroplasia, yaani kimo kifupi cha kuzaliwa nacho, nanyi sijawasahau. Kwa watoto wenu mfupa ni imara. Kinachopokea amri ya kusimama mapema mno ni gegedu la ukuaji. Dawa ya vosoritidi iliyoidhinishwa mwaka 2021 huchomwa kila siku, nayo katika utafiti mkuu iliongeza kama sentimita 1.6 za urefu kwa mwaka juu ya wale waliopewa sindano isiyo na dawa. Magegedu yakishafunga haina kazi tena. Mtoto wenu hana upungufu wa utu unaohitaji sindano, na familia inayoikataa baada ya kuelezwa haijamnyima mtoto mapenzi. Mtoto mwenye umri wa kusema, aulizwe.

Na neno fupi kwa wale ambao watoto wao wanatumia prednisoloni kwa muda mrefu, kwa ajili ya figo, misuli au maradhi mengine. Dawa hiyo hula mifupa taratibu. Mtoto akilalamika mgongo, apigwe eksirei ya uti wa mgongo, wala msiiache dawa ghafla nyumbani, maana kuiacha ghafla kunaweza kumuua kabla ya mfupa haujamsumbua.

Mtaniuliza, yule binti ilikuwaje? Daktari mkubwa wangu alimtazama macho dakika moja akaniambia jina la ugonjwa. Mama alipolisikia alikaa chini sakafuni. Swali lake la kwanza halikuhusu dawa. Alisema, "Kwa hiyo sikumvunja mimi." Nikamwambia hapana, mama, hukumvunja wewe, na nikamwomba radhi. Dripu zilianza wiki chache baadaye, pamoja na mazoezi ya viungo, ambayo bila hayo dawa inanenepesha mifupa ya mtoto asiyejua kuitumia.

Sasa nanyamaza, maana kuna kazi. Kwenye meza ya nyuma muuguzi wetu ana mdoli, anawaonyesha jinsi ya kumbadilisha nepi mtoto wa mifupa ya kioo: mkono mmoja unapita chini ya makalio, unamwinua mzima, vifundo vya miguu havishikwi. Kina baba nanyi mjifunze. Mwenye picha za eksirei na majibu ya maabara, hata ya miaka iliyopita, aje nayo kwenye meza yangu. Tutaanza na wale ambao mpaka leo hawajaambiwa mtoto wao anaumwa nini.